Chupa Zilizotakiwa Kurudishwa

Mwanamke niliyemfanyia kazi za ndani kwa miaka kumi na moja alinipa chupa mbili za dawa ya kuzibulia mabomba, huku akijua kwamba kiwanda kilichozitengeneza kilikuwa kimetangaza zirudishwe, kwa sababu vifuniko vyake hata mtoto anavifungua. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaletewa nyingine badala ya hizo. Hakuniambia neno. Nilizibeba mpaka nyumbani, na mjukuu wangu wa miaka mitatu akanywa. Alipokuja kuulizwa, alisema alinipa nikazitupe.

Nimeanza na hilo ili hata atakayechoka kusoma njiani awe ameshalijua.

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili. Maandishi ya lugha yetu nayasoma polepole, kwa kidole. Kwenye nyumba ile karibu kila kitu kimeandikwa kwa lugha nyingine, kwa hiyo nilijifunza kwa rangi na harufu. Ya kijani ni ya vyombo, nyeupe nzito ni ya choo, ya zambarau ni ya mabomba, na ile isiyo na rangi inayokata pua ni ya vioo. Miaka kumi na moja sikukosea hata siku moja. Hakuna nguo ya mtu iliyotoka mkononi mwangu na doa ambalo halikuingia nalo.

Nilikuwa nafika saa moja asubuhi. Navua viatu mlangoni, nafunga kitambaa, naanza na vyombo vya jana, kisha sakafu, kisha nguo, mwisho pasi. Mwenye nyumba nimemzidi miaka kumi na sita, lakini alikuwa ananiita dada. Mwanzoni nilidhani ni heshima. Baadaye nikaelewa kwamba dada ni jina la kazi, kama dereva alivyo dereva. Mimi nilimwita mama, ingawa kwa umri ningeweza kumzaa. Hakuwa mtu wa kufoka. Mume wangu alipofariki alinipa wiki nzima ya kukaa nyumbani, na siku ya mazishi alikuja, akakaa chini kwenye mkeka na gauni lake zuri. Nayasema haya mtu asije akasema nampaka matope.

Kila Ijumaa jioni alikuwa ananiwekea mfuko mlangoni. Ndani yake huwa kuna vitu walivyovichoka: mafuta ya kujipaka yaliyobaki robo, taulo lililopauka, kandambili za mtoto zilizombana, pakiti ya biskuti iliyofunguliwa. Kuna adabu ya mfuko ule, na hakuna aliyenifundisha. Huufungui mbele yake. Huulizi cha nini wala kwa nini. Unasema asante mama, unautia kwapani, unaondoka. Na kitu ulichopewa hukitupi, hata kikiwa soksi ya mguu mmoja, maana siku moja ataulizia.

Kwangu ni chumba kimoja na kipande cha ukumbi, katika safu ya milango sita. Tunatumia choo kimoja na mfereji mmoja wa maji machafu unaopita mbele ya milango yote. Mfereji ule unaziba kila wiki, na tuna zamu ya kuuzibua. Jirani yangu wa mlango wa pili ni mwanamke fundi cherehani, anashonea kibarazani, na ulimi wake unakwenda kasi kuliko cherehani yenyewe.

Mjukuu niliachiwa alipoacha kunyonya. Mama yake, binti yangu wa pekee, yuko kwenye kiwanda cha nguo mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima. Yule mtoto nilimwita mke mwenza, naye akaniita hivyo hivyo.

"Mke mwenza, leo zamu yako kupika," nitamwambia.

"Mimi mdogo. Pika wewe mzee."

"Na mume wetu atakula nini?"

"Mume amekufa," atajibu, mkavu kabisa, na fundi cherehani anacheka mpaka sindano inatoka kwenye mstari.

Sasa nieleze siku ya vifuniko.

Ilikuwa Alhamisi. Nilifungua kabati la chini ya sinki nikakuta chupa mbili mpya za ile dawa ya zambarau. Picha ni ile ile ya bomba, lakini kifuniko ni kingine, kikubwa, cheupe. Nikakizungusha, kikalia kwekwe, kwekwe, hakifunguki. Vidole vyangu vimevimba viungo kwa kukamua nguo, na kitu kigumu kufungua kwangu ni adhabu. Mwenye nyumba akaingia jikoni na mtoto wake kiunoni. Wake alikuwa na miaka miwili.

"Mama, kifuniko hiki kimekufa. Kinazunguka tu."

Akacheka. "Hakijafa, dada. Bonyeza chini kwanza, ndipo uzungushe. Wamebadilisha."

"Kwa nini wabadilishe kitu kilichokuwa kizuri?"

"Mambo yao ya kiwandani." Akampandisha mtoto vizuri kiunoni. "Zile za zamani zinafunguka kirahisi, utachukua wewe. Kwenu si kuna mfereji unaoziba kila siku?"

"Mfereji ule una roho ya paka, mama. Unauzibua leo, kesho umeziba."

"Basi dawa yake hiyo. Moja sijaigusa hata kidogo."

Hayo ndiyo maneno yake, nimeyaweka kama yalivyotoka. Hakuna neno kutupa ndani yake. Hakuna neno mtoto.

Na mimi nilikosea kwa namna ambayo labda ni mtu wa kazi yangu tu angekosea. Nilidhani ameona vidole vyangu. Nilidhani amebaki na vile vigumu yeye, mwenye mikono mizima, akanipa mimi vilaini. Nikarudi nyumbani Ijumaa na mfuko, nikamwonyesha fundi cherehani.

"Huyo bosi wako anakupenda," akasema. "Wangu mimi, nilipokuwa kwa watu, alikuwa ananipa makombo na kuyahesabu."

Nikajisikia mtu mwenye bahati.

Jumamosi ya wiki iliyofuata zamu ya mfereji ilikuwa yangu. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi. Nilimimina dawa kwenye tundu linaloziba, nikafunga kifuniko mpaka kikagoma, nikaiweka chupa kwenye ukuta mfupi wa kibaraza, nyuma ya ndoo. Nikaingia ndani kuchukua maji ya kusukumia. Sikukaa muda wa kutunga uzi kwenye sindano mara mbili.

Nilisikia kelele ambayo si ya kulia. Nilipotoka alikuwa amesimama, mikono ameitanua kando kama mtu aliyemwagikiwa, midomo imeanza kuwa myeupe na udenda unamtiririka. Kifuniko alikuwa amekiweka pembeni, juu chini, kama nilivyomfundisha kuweka kifuniko cha chupa ya maji ili kisiingie mchanga.

Fundi cherehani aliruka kutoka kwenye kiti chake. "Mpe maziwa. Mpe maziwa umtapishe, haraka."

Maziwa yalikuwepo. Nikampa. Nikamtia kidole kooni, akatapika. Daktari baadaye aliniambia, bila ukali, kwamba dawa ile iliunguza ikishuka na ikaunguza tena ikipanda. Kidole kilikuwa changu.

Alilazwa wiki saba. Koo lilivimba, likaanza kupona kwa makovu, na makovu yakalibana mpaka mate yake mwenyewe hayakupita. Wakamtoboa tumbo, wakaweka mpira mwembamba, na chakula chake kikawa uji mwepesi unaosukumwa kwa bomba la sindano bila sindano. Kila baada ya wiki mbili analazwa usingizi, wanaingiza kifaa kutanua koo. Linatanuka, linajibana tena.

Kwenye wiki ya kwanza alikuja karani wa ustawi wa jamii na fomu. Akaniuliza maswali, nikajibu. Aliponipa niweke sahihi, niliona sehemu ya chini ilikuwa kwa lugha yetu, nikaweka kidole nikasoma. U-ze-mbe wa m-le-zi. Nadhani ndilo neno la kwanza la serikali nililowahi kulisoma mwenyewe bila kusaidiwa. Nikaweka sahihi, kwa sababu alikuwa amenyoosha kalamu na mimi nimezoea kupokea nilichonyooshewa.

Binti yangu alifika siku ya tatu, na vumbi la safari miguuni. Alimtazama mtoto kwanza, muda mrefu. Kisha tukatoka kwenye benchi la nje.

"Uliiweka wapi, mama?"

"Ukutani."

"Ukuta gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono urefu wa ule ukuta. Mkono wangu uliishia chini ya kiuno. Akautazama mkono. Mtoto aliporuhusiwa, alimhamishia kwake, kuna hospitali kubwa huko. Nilisema nitakwenda nao niwe namlisha. Akawa anakunja nguo za mtoto, hakuinua uso.

"Nilikuachia mtoto, mama. Sikukuachia kingine."

Nilibaki na chumba na mfereji. Kazini sikurudi. Mwenye nyumba alinitumia ujumbe wa pole, na wiki ile ile akachukua dada mwingine.

Aliyenifungua macho ni afisa wa ustawi, si yule karani, bali bosi wake, msichana mwembamba mwenye simu iliyopasuka kioo. Alinifuata nyumbani kukagua pale mtoto alipokuwa analelewa. Akaniomba chupa. Nilikuwa nazo zote mbili, ile ya nusu na ile ambayo haijafunguliwa. Akazigeuza, akapiga picha namba zilizochapwa kitakoni, akasoma simu yake akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Mama, hizi ulinunua wapi?"

"Sikununua. Nilipewa kazini."

"Lini?"

Nikamwambia.

"Hizi zilitakiwa kurudishwa," akasema. "Tangazo lilitoka mwezi mzima kabla ya hapo. Kifuniko kina kasoro, mtoto anaweza kukifungua, na dawa yenyewe inaunguza. Wanasema mwenye nayo asitumie wala asimpe mtu. Si lazima azibebe mpaka kiwandani: atume namba, amwage dawa, aharibu chupa, ataletewa nyingine yenye kifuniko cha kubonyeza."

Nikakumbuka kwekwe, kwekwe.

"Niandikie kiwandani," nikamwambia.

Akaandika. Majibu yalichukua wiki tatu. Akaniita ofisini, chumba chenye meza mbili na mafaili mpaka dirishani, akanitafsiria barua.

"Wanasema chupa mbili zenye namba hizi zilishabadilishwa. Mteja alituma picha za namba, akathibitisha kwamba ameziharibu, wakampelekea mpya. Kwa kumbukumbu zao, chupa hizi hazipo tena."

"Hazipo, na moja iko mezani kwako?"

"Kwa karatasi zao, mama."

"Basi mjukuu wangu amekunywa kitu ambacho hakipo."

Akageuza ukurasa. "Jina la mteja hawalitoi. Tarehe ya kupeleka chupa mpya wameitoa." Akaisoma. Ilikuwa Jumatano, siku moja kabla ya mimi kukuta vifuniko vyeupe kwenye kabati.

Nikamuuliza lile neno kwenye fomu linafutwaje. Nilitaka lifutwe kwa sababu moja tu: binti yangu ana nakala ya fomu ile, ameiweka na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na maadamu neno lipo, mimi mtoto yule sitaachiwa hata kwa nusu saa.

"Nikipata maandishi ya aliyekupa," afisa akasema, "kwamba alikupa utumie na hakukuonya, naomba lifutwe siku hiyo hiyo. Bila hivyo ni neno lako peke yako."

Basi nikaenda.

Dada mpya alinifungulia geti. Msichana mdogo, amefunga kitambaa kama changu. Mwenye nyumba alikuwa jikoni, mtoto wake kwenye kiti kirefu anakula mkate, makombo yamejaa kifuani. Alinikumbatia. Akauliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamweleza habari ya mpira wa tumboni, akafumba macho.

"Mama," nikasema, "zile chupa. Kiwanda kilikuambia uziharibu."

Akamwambia dada mpya akaanue nguo. Alipotoka akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Dada, mbona nilikupa ukatupe."

"Uliniambia dawa ya mfereji. Uliniambia moja hujaigusa."

"Labda ulinielewa vibaya. Mimi hapa ningetupaje? Taka zetu zinachambuliwa, dawa kali hawazipokei. Nilijua wewe utajua pa kutupa."

"Na kiwandani uliwaambia umeziharibu."

"Ile ni alama tu mtu anaweka kwenye simu. Kila mtu anaweka, hakuna anayesoma." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa laini. "Na wewe nyumbani huna hata kabati la juu? Mtoto wa miaka mitatu, unaiacha ukutani?"

Hapo alinipata. Mwenye kusema hivyo ni mwongo, lakini ukuta ni mfupi kweli.

"Sitaki kitu," nikamwambia mwishowe. "Nataka uandike mistari miwili. Ulinipa nitumie. Hukuniambia ina kasoro. Basi."

"Nikiandika hivyo, nitaitwa mimi."

"Utaitwa useme ukweli, urudi nyumbani kwa mwanao."

"Dada, nina familia," akasema.

Mtoto wake aliangusha kipande cha mkate, akanyooshea sakafu kidole. Nikainama nikakiokota. Miaka kumi na moja, mgongo unajiinamia wenyewe.

Aliponisindikiza mpaka mlangoni alinipa mfuko. Nguo za mtoto, akasema, na vitabu vya picha. Nikasema asante mama, nikautia kwapani. Nilikuwa nimeshapita geti ndipo nikajisikia nilichofanya. Nikarudi, nikauweka chini mbele ya geti. Dada mpya alikuwa ananitazama, shuka mikononi.

"Anakupa mfuko na wewe?" nikamuuliza.

"Kila Ijumaa, shangazi. Mtu mwema sana."

"Uulize kila kitu kilichomo ni cha nini. Akikuona huna adabu, kosa adabu."

Sijui kama alinisikia au aliona mzee aliyechanganyikiwa.

Mwezi uliopita binti yangu alikubali niende kumwona mtoto. Wanakaa chumba kimoja nyuma ya kiwanda, mlio wa mashine unaingia mpaka kwenye godoro. Nilikaa naye saa tatu, na kwa saa zote tatu binti yangu hakutoka hata kwenda msalani.

Sauti ya mtoto inakwaruza, kama ya mzee mvuta tumbaku. "Mke mwenza," akaniambia, "njoo uone mimi ninavyokula." Akachukua kipande cha mkate, akakitafuna sana, akafumba macho. Kisha akakitema kwenye kikombe, chote, akapangusa mdomo. Akachukua kingine. Daktari amewaruhusu afanye hivyo ili asisahau kutafuna. Alipomaliza akampa mama yake kikombe, akainua blauzi yake mwenyewe kusubiri bomba la uji.

"Mkate wa leo mtamu?" nikamuuliza.

"Mtamu. Haushuki tu."

Wakati uji unasukumwa nilimweleza binti yangu yote, vifuniko, barua ya kiwanda, tarehe ya Jumatano. Alisikiliza macho yakiwa kwenye bomba.

"Nimeongea naye, mama. Nilimpigia mimi mwenyewe. Anasema alikupa ukatupe na alikuonya kwamba ni hatari."

"Na wewe unamwamini nani?"

"Alikuwa analia kwenye simu," akasema. "Yeye atakuwa na sababu gani ya kunidanganya?"

Nikamwambia sababu anayo, ni ile ile niliyo nayo mimi. Hakuna kati yetu anayetaka kuwa yeye aliyemfanya mtoto huyu ateme mkate. Tofauti ni kwamba mimi langu nimelikubali. Ukuta ulikuwa mfupi na niliuona mfupi. Maziwa niliyatia mimi na kidole kilikuwa changu. Hayo nadaiwa na mjukuu wangu, na nitayabeba mpaka naingia ardhini. Sijamwomba mtu anipunguzie.

Lakini langu si lote. Kiwanda kinadaiwa kuja kuitazama chupa iliyoko mezani kwa afisa, kiache kusema haipo. Karani anadaiwa kuandika upya alichoandika kabla hajauliza chupa ilitoka wapi. Na mwenye nyumba anadaiwa kusema aliyoyasema jikoni kwake siku ya Alhamisi, maneno yake mwenyewe, si yangu, na kumwambia binti yangu, si mimi. Hata kuandika si lazima, kama kalamu inamtia hofu. Namba ya binti yangu anayo.